Mali ya Ng'ambo katika Soko la Mwanza

Katika miaka ya 1930 mtu aliyeingia duka la Mwanza na kuomba merikani alipimiwa kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, kigumu, chenye weupe wa kufifia, naye alilipa akaenda zake akiwa radhi. Kitambaa hicho aghalabu kilikuwa kimefumwa Japani. Miaka 100 nyuma jina lile lilikuwa na ukweli wake: nguo ilifumwa katika viwanda vya Massachusetts, ikapakiwa katika merikebu za bandari ya Salem, ikashushwa Unguja, kisha ikavushwa Bagamoyo na kupanda bara juu ya vichwa na mabega ya watu. Baina ya nyakati hizo mbili ilitoka pia Uingereza na Bombay. Jina halikuhama, ingawa nguo ilihama mara tatu. Mnunuzi hakuwa na haja ya kuuliza habari za kiwanda. Alivuta kitambaa kwa vidole, akakinusa, akajua kama ni kile alichokizoea. Lakini mwenye duka alijua kidogo zaidi yake, na tajiri aliyemwuzia mwenye duka alijua zaidi, na yule aliyekaa Mombasa akiandikiana barua na wafumaji wa Osaka alijua kuliko wote. Habari za ngazi hiyo ndizo ninazotaka kuzieleza: nani katika pwani ya ziwa aliweza kupanda hata akamfikia mwenye mali wa ng'ambo, nani alizuiwa katika kidato cha chini, na kwa sababu gani.

Watu wengi wakiulizwa kwa nini mwenyeji wa Mwanza alichelewa kuwa mwagizaji wa mali hujibu kwa neno moja, umbali. Wengine huongeza la pili, ukosefu wa rasilimali. Majibu haya yana sehemu ya haki, lakini hayatoshi. Umbali ulikuwa mkubwa kweli. Henry Stanley aliondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874, akafika Kageyi, kijiji kilicho pwani ya ziwa upande wa mashariki wa Mwanza, tarehe 27 Februari 1875. Hizo ni siku zaidi ya 100, na msafara wake ulikuwa wenye kuharakisha. Hata hivyo katika zama hizo za mwendo wa miguu watu wa bara walikuwa karibu zaidi na soko la ng'ambo kuliko walivyokuwa miaka 60 baadaye, wakati gari la moshi na meli zilipoweza kulifikisha jora la nguo mpaka gatini Mwanza bila ya mtu mmoja kutokwa na jasho. Neno hili huonekana la ajabu mpaka tutazame mambo yalivyokuwa.

Mapema katika karne ya 19, kabla Waarabu na Waswahili hawajaweka makao yao Tabora, Wanyamwezi walikuwa wakishuka wenyewe pwani na pembe za ndovu. Baadaye Wasukuma walifuata nyayo zao, ingawa watu wa pwani hawakujali sana kuwapambanua, na kila aliyetoka upande ule walimwita Mnyamwezi. Katika miaka ya 1880 makumi ya maelfu ya watu hawa waliingia Bagamoyo kwa msimu mmoja. Wengi walikuwa wapagazi wa mali ya wengine, lakini si wote. Walikuwamo waliokuja na pembe zao au za watemi wao, wakakaa mjini wiki nyingi, wakilala katika viwanja na nyumba za wenyeji wao, huku wakipima nguo kwa mkono, wakilinganisha bei ya tajiri huyu na yule. Ushindani juu yao ulikuwa mkubwa hata matajiri wa Bagamoyo wakawa wanawatuma vijana wao mwendo wa siku kadhaa bara kuilaki misafara, kuipa zawadi na kuivuta kwenye nyumba zao. Hapana shaka wageni hawa walipunjwa mara nyingi. Madalali wa pwani hawakuwa watakatifu. Lakini mtu aliyepunjwa Bagamoyo aliona jora lilivyofunguliwa, alisikia bei ikitajwa, aliuona mlingoti wa jahazi lililoleta mali kutoka Unguja, na aliporudi kwao alirudi na habari pamoja na mzigo. Mwaka wa pili alijua nyumba ya kuiepuka.

Kazi yenyewe ya kuagiza, katika zama hizo, ilihitaji elimu kubwa kuliko inavyodhaniwa. Nguo ilihesabiwa kwa shuka, na shuka mbili zilifanya doti, yaani kiasi cha yadi 4. Ushanga ulipimwa kwa frasila, ambayo ni ratili 35. Stanley alipojitayarisha Unguja mwaka 1871 kwa safari yake ya kwanza hakujua hata chembe ya mambo haya, akalazimika kumwendea sheikh mmoja mfanyabiashara kumwuliza. Aliambiwa kwamba watu 100 hula kwa doti 10 kwa siku. Nguo ilikuwa rahisi. Ushanga ndio uliomtia kizunguzungu. Ulikuwa wa namna nyingi mno. Burton, aliyepita nchi hizi mwaka 1857 na 1858, alitaja namna zipatazo 400, na nyingi katika hizo zilikuwa na majina matatu au manne. Ushanga mwekundu ulioitwa samsam ulipendwa Unyamwezi. Ushanga mweusi ulioitwa bubu ulipita kama fedha Ugogo, na mbele ya hapo haukuwa na thamani ya punje ya mtama. Ule mkubwa wa sungomazi ulitakiwa Ujiji ukakataliwa kwingine. Mtu aliyepakia namna isiyotakiwa aliweza kufa kwa njaa hali mizigo ya mali imemzunguka.

Ushanga huo ulitengenezwa Venice. Mafundi wa kioo wa mji ule hawakuiona Usukuma wala Ugogo, lakini riziki yao ilitegemea mapendeleo ya wanawake wa huko, na mapendeleo hayo yalibadilika kama upepo wa ziwa. Rangi iliyopiganiwa mwaka huu ilidharauliwa mwaka ujao. Barua ya kuomba rangi mpya ilichukua miezi kushuka pwani, miezi mingine kufika Ulaya, na ushanga wenyewe ukachukua miezi kurudi, hata pengine ulipofika ulikuta watu wamekwisha kuchoka nao. Basi yule aliyejua leo kitakachotakiwa baada ya mwaka mmoja na nusu alikuwa na hazina. Elimu hiyo haikuwa Venice wala Unguja. Ilianzia vijijini kwa wanunuzi wenyewe, na kwa wachuuzi wa misafara waliokaa nao.

Mali haikulipwa taslimu. Mkataba wa biashara baina ya Marekani na Seyyid Said ulitiwa sahihi mwaka 1833, na forodha ya Unguja ikatoza asilimia 5 kwa mali iliyoingia. Nahodha wa Salem alimwachia tajiri wa Kihindi wa Unguja shehena yake kwa deni, atakayolipwa kwa pembe, sandarusi na ngozi. Tajiri wa Unguja, mfano wa nyumba ya Jairam Shivji iliyokodi forodha kwa miaka mingi, au Taria Topan aliyemkopesha Tippu Tip, alimkopesha mwenye msafara. Mwenye msafara alimkopesha mchuuzi wa Tabora. Na mchuuzi wa Tabora alimtuma mtu wake ziwani. Deni moja lilining'inia juu ya lingine kama shanga katika uzi. Mirambo alipopigana na Waarabu wa Tabora kuanzia mwaka 1871 njia zikafungwa, na mshindo wa bunduki zile ulisikika katika vitabu vya hesabu vya Unguja. Wala tusifiche kwamba katika malipo ya nguo hizo walikuwamo wanadamu. Pembe hazikutosha kila mara, na msafara uliopanda na merikani ulishuka na watumwa. Mwanahistoria anayehesabu majora bila kuwahesabu hao ameandika nusu ya daftari.

Kageyi palikuwa kituo kimoja cha biashara hiyo. Stanley alimkuta huko mfanyabiashara wa pwani, Songoro, aliyekuwa akiunda jahazi la kuvukia ziwa. Mtu huyu anastahili kukumbukwa, maana alikuwa ametambua jambo ambalo serikali mbili za Kizungu zilikuja kulitambua baada yake, kwamba anayeshika chombo cha majini hushika bei ya pande zote za ziwa. Jahazi lake halikumletea heri. Mwezi wa Desemba 1877 ugomvi uliohusu jahazi hilo, ambalo wamisionari wa Kiingereza walikuwa wamelinunua, ulizuka Ukerewe katika nchi ya mtemi Lukonge, na Songoro akauawa pamoja na wamisionari wawili, Smith na O'Neill.

Wajerumani walijenga boma lao Mwanza mwaka 1892, na kwa miaka michache mali iliendelea kuja kwa njia ya Tabora. Mwezi wa Desemba 1901 reli ya Waingereza iliyoanzia Mombasa ilifika ziwani Kisumu. Meli ya William Mackinnon, iliyoletwa vipande vipande kutoka Ulaya na kuungwa Kisumu, ilikuwa imekwisha kushuka majini mwaka uliotangulia, na baada yake zikafuata Winifred, Sybil, Clement Hill na nyinginezo. Mwanza ilikuwa mji wa Wajerumani, lakini tangu siku hizo mali yake ya ng'ambo ilishukia katika bandari ya Waingereza, ikapanda gari la Waingereza, ikavuka ziwa katika meli ya Waingereza. Na ngozi, karanga na mpunga vilirudi kwa njia ile ile. Jambo hili liliwachoma Wajerumani, na lilikuwa sababu mojawapo ya kuiharakisha reli yao ya kati, iliyofika Tabora mwaka 1912. Vita viliwakuta kabla hawajaifikisha Mwanza. Waingereza waliuteka mji huo Julai 1916, na mali za makampuni ya Kijerumani zikawa mateka. Reli kutoka Tabora ilifika mwaka 1928, kwa mkono wa serikali nyingine.

Aliyefaidi zaidi mageuzi haya alikuwa mfanyabiashara wa Kihindi aliyekwisha kuijua njia ya zamani. Alidina Visram alitoka Kutch akiwa mtoto, akafanya kazi Bagamoyo kwa Sewa Haji Paroo, tajiri mkubwa wa kutayarisha misafara, na Sewa Haji alipofariki mwaka 1897 Alidina alikwisha kuwa bwana wa kazi hiyo. Reli ilipojengwa hakuililia misafara. Aliifuata reli kituo kwa kituo, akaweka maduka mpaka Kisumu na Uganda, akawatia humo vijana wa jamaa na jamaati yake, na alipokufa mwaka 1916 jina lake lilijulikana pande nyingi za ziwa. Wengi waliofungua maduka yao wenyewe katika miji na vijiji vya huku walianza kwa kushika daftari la tajiri wa namna hii. Hiyo ilikuwa shule yao ya kuagiza mali: kijana alijifunza kuandika barua, kusoma ankara, kumjua karani wa stesheni, na baada ya miaka kadhaa tajiri wake alimwandikia mtu wa Mombasa mistari miwili ya kumjulisha. Mistari miwili hiyo ilikuwa na thamani kuliko sanduku la rupia.

Mwafrika wa Usukuma hakuwa katika shule hiyo. Babu yake aliyeshuka Bagamoyo na pembe alikuwa ameonana uso kwa uso na tajiri aliyepokea shehena kutoka merikebuni. Mjukuu hakuwa na haja ya kwenda popote, maana nguo ilikuwa imemfuata; akalima pamba, akaiuza kwa mchambuzi, akaingia dukani na fedha yake akanunua yadi 4. Reli ilikuwa imeileta mali karibu naye na kumpeleka mwuzaji wake mbali. Katika kitabu chochote cha maendeleo ya ukoloni kupunguzwa kwa upagazi huandikwa katika safu ya faida, na ni haki kuandikwa hivyo, kwani upagazi uliua watu. Lakini pamoja na mzigo uliotoka kichwani ilitoka pia elimu ya pwani.

Ni vema nieleze kidogo jinsi mali ilivyoagizwa katika miaka hiyo ya baina ya vita viwili, kwa sababu hapo ndipo kizuizi kilipokuwa. Kiwanda cha Ulaya au Japani hakikumtumia mtu asiyejulikana bidhaa zake kwa kutumainia uso wake. Kiliiamini benki, au nyumba ya biashara ya London iliyojitia kati kwa ujira na kuahidi kulipa. Shehena ilipopakiwa nahodha alitoa hati ya shehena, na aliyeishika hati hiyo ndiye aliyekuwa mwenye mali, hata kama mali yenyewe ilikuwa bado katikati ya bahari. Hati ilitumwa kwa benki pamoja na ankara na bima. Mwagizaji aliitwa, akalipa, au akatia sahihi kwamba atalipa baada ya siku 60 au 90, ndipo akakabidhiwa hati aende nayo bandarini. Katika siku hizo 90 alitumaini nguo itafika Mwanza, itauzwa kwa jumla kwa wenye maduka ya vijijini, nao pia kwa deni, na fedha itarudi baada ya msimu wa pamba. Basi kiini cha kazi yote kilikuwa kuaminiwa kwa muda. Rasilimali kubwa ilisaidia, lakini wengi waliotajirika hawakuanza nayo. Walianza na jina.

Sasa tazama sheria ilivyosema. Serikali ya ukoloni ya Tanganyika iliweka sheria ya kupunguza mikopo kwa wenyeji, na kwa sheria hiyo mtu asiye mwenyeji aliyemkopesha mwenyeji hakuweza kumdai mahakamani isipokuwa deni lilikuwa limekubaliwa kwa maandishi na ofisa wa Serikali. Nia iliyotangazwa ilikuwa njema: kumwokoa mkulima asizamishwe katika deni na mwenye duka. Yamkini iliwaokoa wengine. Lakini tajiri wa jumla wa Mwanza, akiwa na akili timamu, hangeweza kumkopesha majora 20 mtu ambaye sheria imesema hashitakiwi. Kwa hiyo mwenye duka wa Kihindi wa Misungwi au Magu alichukua mali na kulipa baada ya mavuno, na Msukuma mwenye duka la jirani yake alitakiwa kuweka fedha mezani. Mmoja aliizungusha shilingi yake mara mbili au tatu katika msimu, mwingine mara moja. Baada ya hayo walikuwapo mabwana waliosema kwamba Mwafrika hana kipaji cha biashara. Sheria hiyo ilidumu mpaka Uhuru ulipokaribia, na kwa maoni yangu ilifanya madhara makubwa kuliko ushuru wowote, kwa maana ushuru hulipwa ukaisha, bali mtu aliyetangazwa kwa sheria kuwa si wa kuaminiwa hubaki na tangazo hilo usoni pake hata baada ya sheria kufutwa.

Neno la nguo za Kijapani linahitaji maelezo mafupi. Uingereza ilijaribu kuzizuia katika makoloni yake mengi mwaka 1934 ili viwanda vya Lancashire visife. Afrika ya Mashariki haikuguswa, kwa sababu mikataba ya bonde la Kongo, ya Berlin mwaka 1885 na ya Saint-Germain mwaka 1919, ililazimisha mataifa yote yafanyiwe sawa katika biashara ya nchi hizi. Mikataba hiyo haikuandikwa kwa kumfikiria mama wa Kisukuma anayetafuta kanga ya bei nafuu, lakini ndiye aliyefaidi.

Vita vya pili vilipokuja mambo yakabana. Merikebu zilipungua, Serikali ikashika bei, na kuagiza mali kukahitaji kibali. Migao ilitolewa kwa kutazama kila nyumba ya biashara ilikuwa imeagiza kiasi gani kabla ya vita. Mtu akiangalia juu juu ataiona hii kuwa kanuni ya haki. Lakini aliyekuwa hakuagiza kitu kwa sababu hakuaminiwa, sasa hakupewa mgao kwa sababu hakuwa ameagiza kitu. Mlango uliofungwa kwa komeo moja uliongezewa la pili. Waafrika wenye maduka walipanga mstari mbele ya matajiri wa jumla pamoja na wanunuzi wa kawaida, wakauziwa kilichobaki, au wakauziwa kitakiwacho kwa sharti la kuchukua na kisichotakiwa.

Katikati ya miaka ya 1940 wafanyabiashara wa Kiafrika wa Mwanza waliunda chama chao cha ushirika, wakitumaini kwamba fedha za wengi zikikusanywa wataweza kununua kwa jumla na kupata bidhaa bila ya kupita ngazi zote za katikati. Mwaka 1947 alishika uandishi wa chama hicho kijana wa miaka 22 aliyekuwa ametoka kufanya kazi katika mgodi wa almasi wa Mwadui, jina lake Paul Bomani. Chama hakikuigeuza biashara ya mali ya ng'ambo. Ngazi ilikuwa ndefu mno kupandwa na wenye maduka wachache. Lakini Bomani alijifunza hapo mahali fungu la nguvu lilipokuwa. Mwenye duka wa Usukuma hakuwa na kitu ambacho London ilikihitaji. Mkulima wa pamba alikuwa nacho. Basi akaanza kuzunguka vijijini kuhubiri ushirika wa wakulima, na vyama vile vikaungana mwaka 1955 katika shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria, lililokuja kuwa moja la mashirika makubwa ya ushirika ya Waafrika katika bara zima. Kufikia mwisho wa miaka ya 1950 pamba ya jimbo ilikuwa mikononi mwake. Mwaka 1962 Bomani alikuwa Waziri wa Fedha wa Tanganyika.

Ajabu ni kwamba ushindi wa upande wa kuuza haukuleta ushindi wa upande wa kununua. Pamba ilitoka kwa jina la ushirika, na kitambaa kiliendelea kuingia kwa majina ya watu wale wale. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Serikali iliunda shirika la ushirika la kuuza bidhaa kwa jumla, lililojulikana kwa jina la COSATA, ili kuwafikishia wenye maduka wa Kiafrika bidhaa za bei nafuu. Kisha likaja Azimio la Arusha. Februari 1967 mabenki na makampuni makubwa ya kuagiza mali yakataifishwa, na kazi yao ikapewa Shirika la Biashara la Taifa. Mwaka 1973 ikagawanywa, kila mkoa ukawa na kampuni yake ya biashara. Kwa mara ya kwanza hati za shehena za mali iliyokuja Mwanza zilikuwa mikononi mwa wananchi. Jambo hilo lilikuwa la heshima, na wanaolicheka leo wamesahau komeo zile mbili. Walakini mwenye kuagiza sasa alikuwa karani wa Dar es Salaam mwenye fungu la fedha za kigeni lililopungua mwaka hata mwaka, naye hakuwa na njia ya kumsikia mnunuzi wa Sengerema. Msafara wa zamani uliopakia ushanga usiotakiwa ulilala njaa siku ile ile, ukajifunza. Shirika lililoagiza bidhaa isiyotakiwa liliifungia ghalani na kuagiza tena mwaka uliofuata.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa mpaka Novemba 1983. Katikati yake vikaja vita vya Uganda, 1978 na 1979, na upungufu ambao kila mtu wa Mwanza mwenye umri huo anaukumbuka kwa harufu ya sabuni isiyopatikana. Ziwa halifungwi kwa mnyororo. Mitumbwi ilivuka usiku kwenda pande za Kenya na samaki, kahawa na ngozi, ikarudi na sabuni, mafuta ya kupikia na nguo. Serikali iliita magendo, na mwaka 1983 Waziri Mkuu Sokoine aliongoza msako wa wahujumu uchumi ambao ulitikisa miji yote. Mwaka uliofuata, katika bajeti ya Juni 1984, Serikali hiyo hiyo iliruhusu mtu mwenye fedha zake za kigeni aagize mali bila kuulizwa amezipata wapi. Watu waliokuwa wamejifunza katika giza kumpata mwuzaji, kumwamini na kuaminiwa naye, wakatoka mchana. Sitaki kuwasifu kupita kiasi, lakini ni wazi kwamba katika nchi nzima wao ndio waliokuwa na mazoezi.

Kuanzia miaka ya 1990 njia ilielekea Dubai, kisha China. Mfanyabiashara wa Mwanza wa leo mwenye duka la vitenge, simu au vipuri vya pikipiki hupanda ndege mpaka Guangzhou, au humtumia fedha wakala anayekaa huko. Asiyeweza kujaza kontena peke yake hulichangia na wenzake, kila mmoja akiweka alama yake juu ya marobota. Hutakiwa kuwa na namba ya mlipakodi, kumlipa wakala wa forodha Dar es Salaam, kuonyesha cheti cha ubora wa bidhaa, na kungoja lori linaloingia Mwanza baada ya mwendo wa zaidi ya kilometa 1,100. Benki bado humwuliza nyumba ya kuweka rehani, na wengi kwa sababu hiyo huikwepa benki, wakalipana kwa ahadi baina ya watu wanaojuana.

Huko Guangzhou hupokewa na Mtanzania mwenzao aliyekwisha kukaa miaka, ajuaye lugha na masoko, ambaye huwatafutia malazi, huwapeleka kwa wenye viwanda, na huchukua ujira wake pande zote mbili. Hupunjwa mara nyingine. Kitambaa kilichofika Mwanza huwa chepesi kuliko kile walichokishika kwa vidole. Mwaka wa pili huijua nyumba ya kuiepuka. Wenyeji wa Bagamoyo waliowapokea Wanyamwezi katika miaka ya 1880 wangeielewa biashara hii bila ya mkalimani, na hata swali la kwanza ambalo mwenye kiwanda humwuliza mgeni wake wangelitambua: huko kwenu ziwani, mwaka huu wanawake wanapenda rangi gani?